Mchujo wa Vyama kwa Kuhesabu Kinyumenyume: Kutoka Iowa Hadi Rubwera

Mmarekani ana kazi ya ziada: kabla ya kuchagua rais, lazima kwanza achague wa kuchaguliwa. Kila baada ya miaka minne, kuanzia Januari au Februari hadi Juni, majimbo yao 50 hupokezana kupiga kura za ndani ya vyama, na redio zetu hapa Rubwera hutusomea matokeo ya Iowa na New Hampshire utadhani ni kata mbili zilizoko kati ya Nkwenda na Kaisho. Kijiweni, fundi pikipiki husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza: "Sasa ameshinda au bado?" Bado, bwana. Ameshinda ruhusa ya kwenda kushindana.

Kabla hatujawacheka, tujitazame. Kyerwa ilipata kuwa wilaya mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Karagwe, Rubwera ikapewa makao makuu, na tangu hapo kura za ndani ya chama zimewatoa watu jasho kuliko uchaguzi wenyewe. CCM wanaziita kura za maoni, Wakenya wanasema mchujo, Waganda praimari. Maswali ni yale yale: nani aruhusiwe kugombea, nani apige kura, nani ahesabu, na nani mwenye uwezo wa kuyapindua matokeo yakishahesabiwa. Nimeyapanga mambo tisa, kutoka jepesi kwenda zito. Usirukie namba moja. Utaikosa ngoma ya mfalme.

9. Fomu, au siku ambayo kila mtu ni mheshimiwa mtarajiwa

Fomu ya kuomba ubunge kupitia CCM iliuzwa Sh 100,000 mwaka 2020. Mwaka 2025 ikapanda hadi Sh 500,000, na ya udiwani Sh 50,000. Nia ilikuwa kupunguza msongamano. Msongamano haukupungua, walichozidisha watia nia ni suti. Ukifika ofisi ya chama wiki ile, unakuta walimu, wanasheria, wafanyabiashara wa kahawa, na wale wazawa wa Kyerwa ambao Kyerwa huwaona kila baada ya miaka mitano, wamekuja na gari kutoka Dar es Salaam na Kinyambo kilichoota kutu.

Kwa urais masharti huwa makali zaidi. Mwaka 2015 fomu ilikuwa Sh milioni moja, na mwombaji alitakiwa kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake Zanzibar. Waliochukua walikuwa 42. Waliorudisha, 38. Nchi ikagundua kwamba ina marais wengi kuliko timu za ligi kuu.

Marekani nao hawajambo. New Hampshire inadai dola 1,000 tu ili jina la mgombea urais liwe kwenye karatasi ya kura za chama. Ndiyo maana kuna bwana anayejiita Vermin Supreme ambaye miaka nenda rudi hugombea huko akiwa amevaa buti kichwani, akiahidi kila raia farasi mdogo wa bure. Mzee mmoja hapa, karani mstaafu wa chama cha msingi cha ushirika, alipoelezwa habari hizo alitafakari kidogo, akasema: "Angalau huyo ahadi yake tunaielewa."

8. Kadi

Hapa ndipo njia zetu na zao zinapoachana kweli. Chama chetu kina kadi, na kadi ina ada. Unajiandikisha tawini, mwenyekiti wa tawi anakufahamu, na anafahamu pia kama umelipa. Chama cha Marekani, katika majimbo mengi, ni alama tu unayoweka kwenye fomu ya serikali unapojiandikisha kupiga kura: mimi Democrat, mimi Republican, mimi si wa yeyote. Hakuna ada, hakuna kikao, hakuna anayekuuliza fulana yako iko wapi. Texas hawana hata hiyo alama. Unaamua siku yenyewe uchukue karatasi ya chama gani.

Ulegevu huo huzaa mambo ambayo kwetu yangeitishiwa kikao cha maadili usiku huohuo. Bernie Sanders ni seneta asiye na chama. Mwaka 2016 aliomba kuwa mgombea urais wa Democrats, akakosa, akaomba tena 2020, akakosa tena, na katikati hapo akagombea useneta wake akiwa binafsi vilevile. Mpeleke Sanders kwenye ofisi ya chama chochote Kayanga na ombi hilo. Hataulizwa sera. Ataulizwa kadi.

Na kwetu kadi si pambo, maana Katiba na sheria za Tanzania hazimruhusu mtu kugombea urais, ubunge wala udiwani bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani nusu ya maisha yake ya siasa. Mahakama Kuu Dodoma ilimpa ushindi mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuuzima ushindi ule. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, palepale Arusha, ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki ya raia wake. Katiba imebaki ilivyo. Kwa hiyo asiyepita kwenye mlango wa chama hapiti kabisa, na mwenye ufunguo wa mlango huo ana nguvu ambazo mwenzake wa Marekani hazijui. Lishike hili mpaka namba tatu.

7. Simama nyuma ya mtu wako tukuone

Vuka daraja la Murongo uingie Kikagati, ng'ambo ya mto Kagera, na uko Uganda, nchi ambayo chama tawala, NRM, huwapata wagombea wake kwa kupanga watu mstari. Julai 2025 walifanya hivyo tena: anayemtaka huyu asimame huku, anayemtaka yule kule, mhesabuji anapita anawagusa mabega. Ni rahisi, hakuna karatasi za kuchapisha wala sanduku la kuibiwa. Shida yake ni kwamba uliyekopa kwake mbolea anakuona umesimama wapi.

Wakenya waliionja dawa hiyo mwaka 1988, KANU ilipotumia mlolongo. Sheria yake ilikuwa ya ajabu: aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mlolongo alihesabiwa kuwa mbunge moja kwa moja, uchaguzi mkuu haukumhusu. Kura ya siri ikageuka anasa. Wakenya wa umri ule bado wanasimulia mistari mifupi iliyotangazwa kuwa mirefu. Kenneth Matiba, waziri, alijiuzulu Desemba mwaka uleule akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani ya chama. Mwaka 1990 KANU yenyewe, baada ya kamati ya George Saitoti kuzunguka nchi na kutukanwa kila kituo, ikaachana na mlolongo.

Sasa Iowa. Hadi mwaka 2020 Democrats wa Iowa, watu wenye matrekta yanayoongozwa na setilaiti, walikuwa wanakutana usiku wa baridi kwenye kumbi za shule na kusimama kwenye kona: kona hii ya fulani, kona ile ya fulani. Kundi lisilofika asilimia 15 lilivunjwa, na majirani wakaanza kuwaita waliobaki yatima: njoo kwetu, tuna biskuti. Februari 2020 waliamua kutuma matokeo kwa programu ya simu. Programu ikagoma, na taifa lililopeleka mtu mwezini likasubiri siku kadhaa kujua nani alisimama kona gani. NRM, kwa haki yao, hutangaza jioni ileile.

6. Butura ya kura

Msomaji wa Karagwe na Kyerwa hahitaji kuelezwa butura, lakini yuko msomaji wa Lindi. Mkulima amebanwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, kahawa bado ni maua mtini. Anakuja mwenye fedha, ananunua mavuno yale kabla hayajawa mavuno, kwa bei ambayo hata mti ungekuwa na mdomo ungekataa. Serikali inaikataza kila msimu, ushirika wa KDCU unailaani kila mkutano, na kila msimu inarudi. Mtia nia anayejua kazi yake hununua kura vilevile: Januari analeta jezi na mipira, Machi anachangia bati za kanisa na za msikiti bila ubaguzi, Juni anawalipia wajumbe nauli ya kwenda kikao ambacho kiko umbali wa kutembea. Siku ya kura za maoni ikifika, mzigo ulishalipiwa zamani.

Tulipata hata kuupa mtindo huo heshima ya sheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura "kwa nia njema". Nia njema ikawa na foleni. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile ikisema vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Tangu hapo TAKUKURU hukamata watu wenye bahasha karibu kila msimu wa kura za maoni. Bahasha zimekuwa nyembamba, maana siku hizi fedha inapita kwenye simu.

Kwa Wamarekani, kumpa mpiga kura noti mkononi ni jela. Kumwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo ya televisheni ni uhuru wa kujieleza. Mahakama yao ya Juu ilisema hivyo kuhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi mwaka 2010. Lakini hata huko fedha hukosea njia. Mwaka 2020 bilionea Michael Bloomberg alitumia karibu dola bilioni moja kutafuta tiketi ya Democrats. Siku kubwa ya kura, Machi 3, alishinda sehemu moja tu: visiwa vya American Samoa, katikati ya bahari. Hapa Rubwera angeambiwa aliwahonga wajumbe wa kata nyingine.

5. Wajumbe

Msemo wa mwaka 2020, mnaukumbuka: wajumbe sio watu. Ulitoka vinywani mwa watia nia waliokumbatiwa, wakaimbiwa, wakaahidiwa kura zaidi ya mia, kisha zikahesabiwa hadharani wakakuta wana tatu, moja ikiwa ya kwao wenyewe na ya pili ya shemeji. Ile ya tatu wanaitafuta mpaka leo.

Nyuma ya kicheko kile kuna suala zito: wapiga kura wawe wangapi? CCM wamelijibu kila namna. Mwaka 2010 na 2015 waliwaachia wanachama wote wenye kadi wapige kura matawini. Wabunge wengi wakongwe wakaanguka, na gharama za mtia nia zikapanda maana watu wa kufikiwa walikuwa maelfu. Mwaka 2020 wakarudi kwenye mkutano wa jimbo, wajumbe mamia kadhaa ndani ya ukumbi. Hawa unaweza kuwajua wote kwa jina, na kwa namba ya simu, na ndiyo hatari yake. Agosti 4, 2025 wakapanua tena, orodha ikashuka hadi viongozi wa ngazi za chini, na washindi wakaanza kutaja kura za maelfu. Ukumbi mdogo ni rahisi kuununua; uwanja mkubwa unamtaka mgombea tajiri. Sijaona bado chama kilichopata saizi ya kati, na ningewapongeza kwa makala nzima kama wangeipata.

Marekani kila jimbo lina jibu lake. Kuna yanayomfungia mlango asiye wa chama. Kuna yanayomwachia mpiga kura yeyote achague karatasi ya chama kimoja. California tangu 2012, isipokuwa kwa urais, imechanganya wote kwenye karatasi moja, wawili wa juu wanaendelea hata wakiwa wa chama kimoja. Alaska wanaendelea wanne. Na kuna Dixville Notch, kijiji cha New Hampshire kinachopiga kura saa sita usiku ili kiwe cha kwanza kutangaza: Januari 2024 kilikuwa na kura sita za Republican, zote za Nikki Haley. Ndugu zangu, shina la balozi mmoja Isingiro lina watu zaidi ya hapo, na halijawahi kutangazwa na shirika lolote la habari la dunia.

4. Duru ya pili

Chimwaga, Dodoma, Julai 1995, CCM wanatafuta mgombea urais. Jakaya Kikwete 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, Msuya akatoka, wakapiga tena: Mkapa 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47 iliamua nani aiongoze Tanzania kwa miaka kumi, na nani asubiri miaka kumi. Georgia na Texas pia wana duru ya pili katika kura za ndani. Aliyeongoza ya kwanza asipeleke suti kwa dobi mapema.

3. Jina limekatwa

Sasa turudi kwenye ule ufunguo.

Nchini Marekani kura za ndani kwa kawaida zinaendeshwa na serikali ya jimbo, kwa fedha ya umma, kwenye vituo vya umma, na aliyeshinda za kiti cha bunge ameshinda. Mwenyekiti wa chama akae Washington anune, jina litachapishwa. Mwaka 2014 Eric Cantor, kiongozi wa Republican waliokuwa wengi bungeni, alipigwa kwenye kura za ndani na mhadhiri wa uchumi aitwaye Dave Brat, na hakuna kikao kilichoweza kumrudisha.

Kwetu kura ni za chama, ukumbi ni wa chama, na matokeo ni mali ya chama. Baada ya wajumbe kupiga kura, majina huenda kamati ya siasa ya wilaya, mkoa, kisha juu mpaka Kamati Kuu na Halmashauri Kuu, na kila ngazi ina kalamu yake. Kawe, Dar es Salaam, mwaka 2020, Askofu Josephat Gwajima alishika nafasi ya tatu kwenye kura za maoni. Aliyepeperusha bendera ni Gwajima. Mwaka 2025 kalamu ilianza kazi hata kabla ya kura: Julai 26 Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana kwa mtandao na kurekebisha katiba ya chama ili Kamati Kuu iweze kupitisha majina zaidi ya matatu kwa jimbo, kisha orodha ikatoka, na wenye majina yasiyokuwamo wakajua kwamba Sh 500,000 zao zilikuwa mchango.

Watetezi wa kalamu wana hoja, na si ya kupuuzwa: pale kura zilipolipiwa, nani mwingine atamzuia aliyelipia? Hoja ingenoga zaidi kama sababu za kukata zingetangazwa. Mkatwa haambiwi, mpiga kura haambiwi, na redio inabaki kusema "vikao vimeamua".

Wamarekani walikuwa hivyohivyo hadi juzi. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipewa tiketi ya Democrats bila kushindana katika kura za ndani hata jimbo moja. Wakubwa wa chama walimtaka, ikatosha. Nje ya ukumbi wa Chicago polisi na vijana wakapigana mitaani. Ndipo ikaundwa tume, ya McGovern na Fraser, iliyowalazimisha wakubwa kuwapa wapiga kura neno. Na wakibanwa sana, hata leo wanajua njia ya mkato: Joe Biden alijitoa Julai 21, 2024, na baada ya wiki mbili wajumbe wakampitisha Kamala Harris kwa kura ya mtandaoni. Mwananchi hakuulizwa tena. Karani wetu mstaafu aliifuatilia ile habari kwa furaha isiyo ya kawaida. "Kumbe nao wana vikao," alisema.

2. Aliyeshindwa anaenda wapi?

Ile ngoma ya mfalme niliyoitaja mwanzoni ni hii. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, akaandika jinsi Rumanyika alivyopata kiti. Baba yake, Ndagara, alipofariki, wana watatu walikitaka: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wakawekewa ngoma ndogo. Kwa uzito wa kawaida ilikuwa si kitu, lakini ilizungushiwa dawa, na asiye na haki ya kutawala asingeweza kuinyanyua. Nnanaji na Rogero walihangaika nayo bure. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Uchaguzi mwepesi, wapiga kura hakuna, fomu hakuna, na kamati kuu ni waganga walioandaa ngoma. Swali ambalo mtia nia yeyote wa leo angeliuliza ni moja tu: nani alikaa na ngoma ile usiku wa kuamkia kikao? Nadhani Rogero aliliuliza pia. Hakusema ameyapokea matokeo. Aliingia vitani na kaka yake.

Wa siku hizi hawapigani, wanahama. Edward Lowassa jina lake lilikatwa na Kamati Kuu Julai 2015, na kabla mwezi haujaisha alikuwa Chadema, akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais Oktoba ile, kiwango ambacho hakuna mpinzani aliyekuwa amekifikia. Karagwe na Kyerwa hatukuwa wageni wa mambo ya kuhama: mwaka 2000 Kyerwa ilimpeleka bungeni Benedicto Mutungirehi kwa tiketi ya TLP, chama alichokuwa anakiongoza Augustine Mrema, naye mhamaji wa daraja la kwanza.

Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya kumzuia aliyeshindwa ndani asijitokeze nje kama mgombea binafsi. Lakini mianya ipo. Joe Lieberman alishindwa kura za ndani za Connecticut mwaka 2006, akasimama peke yake Novemba, akashinda. Lisa Murkowski alishindwa Alaska mwaka 2010, akawaomba wapiga kura waandike jina lake kwa mkono kwenye karatasi. Jina gumu kama lile! Wakaliandika, akashinda, na maofisa wakakaa siku nyingi wakisoma miandiko. Hapa mpiga kura akiandika jina lisilokuwamo, kura imeharibika. Aliyekatwa ana njia mbili tu: kuhama, au kujitokeza mbele ya kamera na kusema anamuunga mkono mgombea wa chama kwa asilimia mia. Asilimia hizo huwa hazihesabiwi hadharani.

1. Uchaguzi uliokwisha kabla ya uchaguzi

Namba moja ndiyo sababu ya zote. Kwenye jimbo ambalo chama kimoja hakishindwi, mbunge hupatikana kwenye kura za ndani. Siku ya uchaguzi mkuu ni ya kumsindikiza.

Nyerere aliliona hili mapema, akalifanyia kitu ambacho bado kinanishangaza kwa ujanja wake. Nchi ilipokuwa ya chama kimoja, mwaka 1965, TANU haikumaliza mambo ndani. Mkutano wa wilaya ulipiga kura, Halmashauri Kuu ikateua wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, kisha raia wote, mwenye kadi na asiye nayo, wakaamua. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa. Mawaziri wangapi wa leo wangekubali kupewa jembe?

Wamarekani Weusi wa Kusini walilijua kwa uchungu zaidi. Texas ya zamani haikuwa na upinzani wa kweli. Democrats ndio waliotawala, na kura zao za ndani ziliruhusiwa kwa Wazungu tu. Mtu Mweusi aliyebahatika kupiga kura Novemba alikuta kazi imekwisha. Mahakama ya Juu iliuvunja mfumo huo mwaka 1944 katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright, ikikataa dai kwamba chama ni klabu binafsi inayojiamulia nani aingie. Hoja hiyo, kwamba kura inayoamua mtawala haiwezi kuwa ya faragha, haijawahi kujadiliwa vya kutosha Dodoma.

Hata sasa ni hivyo. Alexandria Ocasio-Cortez aliingia bungeni Marekani kwa kumshinda mkongwe Joe Crowley katika kura za ndani za Democrats, New York, Juni 2018, akiwa amepata kura zisizofika elfu kumi na saba. Novemba ilikuwa sherehe.

Kyerwa tangu 2005 ni ya CCM. Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kabisa kwenye karatasi, baada ya kusema bila mabadiliko hakuna uchaguzi na kutotia saini kanuni za maadili. Kwa hiyo mbunge wa Kyerwa alijulikana Agosti, na wino wa Oktoba 29 ulipakwa kwenye vidole vya watu waliokuwa na jibu tayari. Ukitaka kumlaumu au kumsifu aliyemchagua, usitafute kwenye daftari la wapiga kura. Tafuta orodha ya wajumbe.

Na wajumbe hawateremki kutoka mbinguni. CCM huchagua viongozi wake wa mashina, matawi na kata kila miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa 2022, kwa hiyo zamu ijayo ni 2027. Watakaochaguliwa mwaka huo ndio watakaoshika kalamu ya kwanza mwaka 2030. Wewe mwenye kadi hapo Rubwera, Murongo au Mabira, unayelalamika kila baada ya miaka mitano kwamba umeletewa mbunge: mkutano wa tawi lako ukiitishwa mwaka 2027, nenda. Na chukua fomu. Ya ubalozi haijafika Sh 500,000.